Spitali iko wapi na nani anafika: miaka mia ya matibabu Unguja na Pemba

Assalaam alaykum wazee wangu, dada zangu, na nyie vijana mlojaa huko nyuma, karibuni mbele viti vipo. Nimeombwa nizungumze vipi mtu wa kawaida wa visiwa hivi alikuwa akipata matibabu katika karne ilopita na vipi mambo yakabadilika. Mie ni nesi na mkunga mstaafu, kazi yangu nimeifanya zaidi huku Pemba, kwaiyo nikisema sana ya Pemba na sana ya wazazi, yaani wanawake wanaojifungua, mnivumilie, ndiko nnakokujua.

Nianze na lile ninaloliamini, halafu nitaeleza kwa nini. Tukizungumza historia ya afya hapa kwetu watu hutaja majumba, spitali fulani ilijengwa lini, nani alikata utepe, wafadhili gani. Mie nasema jengo kubwa la mjini halikuwa ndio lililobadilisha maisha ya watu. Kilichobadilisha ni kituo kidogo cha shamba, vyumba viwili vitatu na mtu mmoja aliesomea, ambacho mama anakwenda kwa miguu na mtoto mgongoni na anarudi kabla ya adhuhuri. Hicho ndicho kilichookoa watu, na ndicho tunachokidharau kupita vyote.

Haya. Mwanzo wa karne ya ishirini hali ilikuwaje? Nyote mnalijua lile jengo la Mji Mkongwe linaloangalia bahari, lenye mabaraza ya mbao yalochongwa kama lesi, watalii hawapiti bila kulipiga picha. Lile alianza kulijenga Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, jiwe la msingi liliwekwa 1887 kwa ajili ya jubilii ya malkia wa Uingereza na nia ilikuwa iwe spitali. Yeye akafariki 1891, jengo likaja kumalizika 1894, na 1900 likauzwa likaingia katika mali ya tajiri mwengine wa Kihindi, Haji Nasser Nurmohamed, chini ikawa dispensari ya sadaka na juu yakapangishwa majumba. Wamisheni wa Kiengereza nao walikuwa na spitali yao Mkunazini. Huko Walezo, masista wa Kikatoliki walikuwa wakitunza masikini na watu wenye ukoma.

Sasa tizameni, vyote nilivyovitaja hapo vilikuwa ni vya mtu au vya dini fulani, vilikuwa vya sadaka. Na sadaka ni jambo kubwa, dini yetu imeamrisha na Mwenyezi Mungu awalipe waliotoa, lakini matibabu ya sadaka yana mwenyewe, yeye ndie anaeamua ajenge wapi, afungue saa ngapi, amtibu nani mwanzo, na akifa au akifilisika au akibadilisha mawazo mlango unafungwa na wewe mgonjwa huna wa kumuuliza. Na zaidi ya hayo vyote vilikuwa mjini au ubavuni mwa mji. Mtu wa Makangale, mtu wa Kizimkazi, hata hiyo habari haikumfika.

Serikali ya kikoloni nayo iliingia katika mambo ya afya, lakini iliingia kwa mlango wa bandarini. Unguja ilikuwa bandari, meli zinatoka Bombay, Maskati, bara, na meli ikileta maradhi biashara inasimama. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliuwa watu wengi sana hapa na wakubwa walikuwa hawajakisahau. Ndio mana kisiwa cha Changuu, kile kilichojengwa jela miaka ya 1890, kikaja kuwa karantini, abiria wa meli wanashushwa pale wanakaa mpaka ijulikane wazima. Mjini bwana afya anapita anakagua mapipa ya maji, mashimo, mbu. Sisemi hayakuwa na faida, yalikuwa nayo, lakini tuelewe lengo lilikuwa kuulinda mji na biashara. Mchumaji wa karafuu wa Mtambile alikuwa hayumo katika hesabu hiyo mpaka maradhi yake yatishie kufika kwa wakubwa.

Miaka ya 20 ikaja spitali ya serikali ya Mnazi Mmoja, hii hii mnayoijua. Jengo zuri, pembeni mwa bahari, upepo unapita. Ndani yake watu wamegaiwa. Mzungu kwake, Muhindi kwake, Muafrika kwake, mwenye pesa na asie na pesa. Na hapa kuna jambo huwa likinikera kila nikilifikiria. Mwaka 1948, mwezi wa Julai, Uingereza walianzisha mfumo wao wa afya wa taifa, mtu yeyote kule kwao, mkulima, kuli, mfagiaji, anatibiwa bila kulipa mlangoni kwa sababu serikali yao ilikubali kwamba matibabu si jambo la kumuachia mtu na mfuko wake. Serikali hiyo hiyo ndio iliokuwa ikitutawala. Na hapa mwaka huo huo, wiki chache baadae, makuli wa bandarini wakagoma na mgomo ukaenea mji mzima kwa sababu mshahara haukutosha kula, sembuse kwenda kwa daktari. Kwaiyo walilijua jambo lenyewe, walijua linawezekana, waliwafanyia watu wao.

Sasa nije shamba. Mama yangu alikuwa akitusimulia dispensari ya zamani, mtu anakwenda na chupa yake mwenyewe kutoka nyumbani, chupa iloshwe vizuri, mana dawa ya maji, ile wakiita mikscha, inamiminwa humo, ukenda bila chupa umekwenda bure. Wengine wakitembea toka alfajiri. Na mtoto akiwa na homa kali hungoji alfajiri, unamkanda maji, unamfukiza, unamuita mwalimu anaandika kombe, aya za Qur'ani kwenye sahani, kwa zafarani, anaikosha na mtoto anakunywa yale maji. Watu wa leo wakisikia hivo wanasema wazee walikuwa wajinga, walipenda waganga. Si kweli. Walitumia kilichokuwepo mwendo wa nusu saa. Aliekwambia mtu wa shamba alikataa spitali muulize ilikuwa wapi hiyo spitali aliyoikataa.

Na mzazi sasa. Mzazi ndio kipimo changu, mana maradhi mengine utayangojea lakini uchungu haungoji. Tukamate mfano wa Kojani, kile kisiwa kidogo ubavuni mwa Pemba, wanaotoka huko wanajua. Mzazi kashikwa usiku, mkunga anahangaika nae tangu magharibi, mtoto hashuki, damu inatoka. Anapandishwa kitanda cha kamba, miti miwili imefungwa ubavuni, wanaume wane wanabeba wanapokezana mpaka pwani. Pale inategemea bahari. Kama maji yamejaa anatiwa chomboni anavushwa, kama maji yametoka chombo kimekaa juu ya mchanga, na ikiwa bamvua, maji yakitoka mbali sana, ndio kabisa, mnabeba mnatembea kwenye matope mpaka mkute maji. Mkivuka bado hamjafika, kitanda begani tena mpaka njia kuu, na hapo mpate gari, halafu ndio spitali ya Wete. Mama yangu aliwajua wanawake walofia katika kila hatua ya safari hiyo, mwengine pwani, mwengine chomboni, mwengine kashafika mlangoni.

Na mkunga ndie alielaumiwa! Hili nataka nilisimamie kidogo. Wakunga wetu wa jadi, mabibi zetu, wamezalisha visiwa hivi vizima, walijua kumgeuza mtoto kwa mkono, walijua kumtuliza mzazi kwa maneno, walikaa na mtu siku arubaini. Walikuwa hawana dawa ya kuzuia damu, hawana wa kumpasua mtu, na kitovu walikikata kwa walichonacho ndio pepopunda ikawachukua watoto. Lakini hizo ni kasoro za kukosa vitu na kukosa mafunzo, na pale walipopewa mafunzo, wembe mpya, sabuni, na wakaambiwa dalili zipi zikitokea usikae na mzazi mpeleke, wengi wao walikuwa wa mwanzo kutuletea wagonjwa. Mie nilifanya nao kazi, wengine nliwaita mama na bibi mana ndivo walivokuwa kwangu, na kuna mambo ya kumshika mzazi nimejifunza kwao sikuyapata skuli ya unesi.

Kabla ya Mapinduzi kulikuwa na jambo moja ambalo lilifika kila nyumba, nalo si spitali, ni vita vya malaria. Kuanzia 1957 Shirika la Afya Duniani pamoja na serikali walianza mradi wa kuitokomeza malaria hapa, wanapita wapiga dawa na mabomba mgongoni, nyumba kwa nyumba, wanapiga DDT, dawa ya kuulia mbu, kwenye kuta, vyombo vinatolewa nje, kuku wanafukuzwa, watoto tunashangaa. Na malaria ikashuka, ikashuka sana khasa. Kisha 1968 mradi ukasimama. Mbu hawakusimama. Malaria ikarudi, na ikarudi kwa watoto ambao miili yao ilikuwa haijaizoea. Miaka ya 80 ukajaribiwa mradi mwengine na haukufika mbali. Nililolisema kuhusu tajiri na dispensari yake ndilo hilo hilo, tofauti ni kwamba safari hii mwenye sadaka alikuwa shirika la dunia.

Sasa 1964. Mapinduzi kila mtu ana lake moyoni, kuna waliofiwa, kuna waliokimbia, na sitojifanya hayo hayakuwepo. Katika matibabu yalikuja mambo mawili kwa pamoja. Serikali ya Mzee Karume ilitangaza matibabu bure kwa wote, zile wodi za rangi zikafutwa, masikini na tajiri mlango mmoja. Wakati huo huo madaktari na manesi wengi waliondoka, Waengereza, Wahindi, Waarabu, hata wenyeji waliosoma, kwaiyo mlango umefunguliwa kwa kila mtu na ndani waliobaki kutibu ni wachache. Ndipo wakaja Wachina, timu ya mwanzo ya madaktari kutoka jimbo la Jiangsu ilifika 1964 hiyo hiyo na tangu hapo zinabadilishana timu kwa timu mpaka leo, Mnazi Mmoja na huku kwetu Mkoani. Wakaja na Wajerumani wa Mashariki. Mnazi Mmoja ikapewa jina la V. I. Lenin, wazee mpaka leo utawasikia wanasema nimelazwa Lenin.

Mkoani, spitali ya Abdulla Mzee, Wachina wamesaidia kuijenga na 2016 ikafunguliwa mpya kabisa. Watu wa Wete, wa Konde, wanapita Chake wanashuka Mkoani kufuata upasuaji kwa Wachina. Wale madaktari Kiswahili chao cha kubahatisha, "wapi uma? hapa uma?", lakini mgonjwa akielewa na daktari akielewa na watu wakatibiwa wakapona.

Ila kubwa zaidi la miaka ile, na hapa ndio narudi kwenye lile langu, ni kwamba vituo vilipelekwa shamba. Kila baada ya vijiji kadhaa kituo, na kwa muda ikafika hali ya kuwa watu karibu wote wa visiwa hivi wanaishi ndani ya kilomita 5 kutoka kituo cha afya. Nendeni mkatizame ramani ya bara letu la Afrika muone ni sehemu ngapi zinaweza kusema hivo. 1978 dunia ilikutana Alma-Ata, kule Kazakhstan ya Wasovieti wakati huo, wakasema afya ya msingi iwe karibu na watu na iwafikie wote, nasi wakati huo tulikuwa tushaanza.

Chanjo ndio zikapita katika njia hiyo. Ndui ilimalizwa duniani, mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu wa pwani hii hii, Ali Maow Maalin, mpishi wa spitali ya Merka, Somalia, mwaka 1977, na alipona. Kisha zikaja chanjo za surua, pepopunda, kifaduro, polio. Nyie vijana mnaona chanjo jambo la sindano tu. Kazi ilikuwa baridi! Chanjo inataka ikae baina ya digrii 2 na 8, na kituo hakina umeme, Pemba umeme wa uhakika wa waya wa baharini kutoka Tanga umekuja 2010. Tulikuwa na friji la mafuta ya taa. Chini kuna utambi kama wa jiko, unautia moto na ule moto ndio unaoleta baridi juu, nlipoambiwa mara ya mwanzo sikuamini. Moto lazima uwe wa buluu. Ukiwa wa manjano unatoa moshi, bomba linaziba masizi, baridi inapotea, kwaiyo kila asubuhi kabla sijavaa sare nalala kifudifudi chini, nakata utambi kwa mkasi, nasawazisha, naangalia kipimajoto, naandika kwenye kadi ilobandikwa mlangoni. Mafuta yakichelewa kutoka wilayani nanunua kwa pesa yangu au nakopa dukani. Mwenzangu mmoja alikuwa akiamka saa nane ya usiku kutizama moto, mumewe akilalamika, anamwambia watoto wa vijiji vyote hivi wamo ndani ya hilo friji. Na surua, wallahi, ilikuwa ikizika watoto mpaka watu wanakosa la kusema, halafu ikapungua mbele ya macho yetu.

Pesa ya yote hayo ilitoka wapi? Karafuu. Miaka ya 70 bei ya karafuu duniani ilikuwa juu na serikali ilikuwa nazo. Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, wanazitia katika sigara zao, na wakaamua wapande za kwao, miaka ya 80 wakawa wanajitosheleza na bei ikaanguka. Haya, karafuu ya Pemba imeanguka na kabati la dawa limeanguka nayo. Jengo lipo, nesi yupo, bango la matibabu bure lipo, ndani hamna kitu. Miaka ile ya 80 na 90 mgonjwa anakuja anapewa kikaratasi akanunue, sindano anunue, gloves anunue, mzazi anakuja na kikapu chake ndani mna wembe, pamba, uzi, kipande cha nailoni cha kulalia. Klorokwini ilikuwepo, watu inawawasha mwili mzima mpaka wengine wanaitupa, na hata hivo ikafika wakati haiitibu malaria tena mpaka ikaachwa 2003 ikaja dawa ya mseto. UKIMWI nao ulishaingia, wagonjwa wa mwanzo hapa walijulikana 1986. Famasi zikafunguliwa kila pembe, mwenye nacho anapona, asie nacho anasubiri.

Na sisi wahudumu tukawa wakali, nalisema hili mbele yenu. Mshahara hautoshi, kabati tupu, foleni ndefu, ukali ukaingia mdomoni. Nilifanya kazi sehemu ambayo mzazi akifokewa "ulipokuwa unaitaka hukupiga kelele", na yule mwanamke mimba yake ya pili hakuja, alizalia kwao. Hamna takwimu ya kitu hicho lakini kila mwanamke humu ukumbini anakijua. Mtu aliefokewa, kwake kituo kimekuwa mbali tena, hata kama kiko nyuma ya nyumba yake.

Mwaka 2000 karne inaisha, hapa Wawi ikafunguliwa maabara ya Ivo de Carneri, imepewa jina la mtaalamu wa Kitaliana wa minyoo na vijidudu, na utafiti wa kichocho na minyoo ukawa unafanyika Pemba penyewe, na vijana wa Pemba ndani yake. Kichocho ambacho watoto wetu wa kiume walikuwa wakikojoa damu na watu wanaona ni kawaida ya ukuaji! Dawa ikapelekwa maskulini, mwalimu anagawa, mtoto anameza palepale. Jambo dogo, rahisi, la karibu.

Nilitaka niishie hapo ila kuna masuala mawili yameletwa kwa karatasi, nayajibu.

La kwanza ni la bima, huu Mfuko wa Huduma za Afya wa Zanzibar wa tangu 2023, mtu anauliza jee huko si kurudi nyuma kwenye kulipa. Mwanangu, mie siogopi neno bima. Dawa lazima ziwe na chanzo cha pesa ambacho hakitegemei karafuu wala mfadhili, tumeshaonja vyote viwili. Ninachotaka kukiona ni mvuvi wa Fundo na mkulima wa muhogo wa Micheweni, asie na mshahara wala mwajiri wa kumkata, anaingizwa vipi na anapewa nini pale kituoni kwake, si Mnazi Mmoja. Akiambiwa kadi yako inafanya kazi mjini tu basi tumerudi kule kule mwanzo wa karne.

La pili limeandikwa na binti wa Kojani, anasema mbona bado kuna wanaozalia nyumbani na kituo kipo. Usiku, mama. Mchana wanakuja. Usiku nani amsindikize, nani aamke kumvusha, nahodha atalipwa na nani, akifika atamkuta mtu au kufuli. Kwaiyo tukiulizwa tununuliwe nini mie ningesema boti yenye mashine na nahodha wa zamu ya usiku anaelipwa mshahara, na nyumba ya nesi pembeni ya kituo yenye maji na taa ili alale hapo hapo. Hivyo viwili havifiki bei ya mashine moja ya kupigia picha za mwilini. Kuna mzee pale kanyoosha mkono muda mrefu, mpeni maikrofoni.